Macho ya Gagool: *Mashimo ya Mfalme Sulemani* Kitabuni, Filamuni na Katika Vijiji vya Shinyanga na Geita



 Waandaaji wa mhadhara wa mwaka huu walinitaka nizungumzie fasihi ya watoto na filamu, nami nikaomba ruhusa ya kuzungumzia kitabu kimoja tu, tena mhusika mmoja tu wa kitabu hicho. Walikubali, ingawa nadhani kwa shingo upande.

Kitabu chenyewe ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. H. Rider Haggard alikichapisha kwa Kiingereza mwaka 1885, akakitabaruku kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Frederick Johnson alikitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri ikatoka mwaka 1929. Mwaka uliofuata Johnson akawa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo kilichotusanifishia lugha hii tunayoitumia leo. Kwa hiyo kitabu hiki ni miongoni mwa vile vilivyokifundisha Kiswahili Sanifu kutembea. Wengi wa rika langu tulikutana nacho shule ya msingi, na sijui kitabu kingine cha kigeni kilichopendwa na watoto wa Tanzania kwa kiasi hicho.

Mimi nilikisoma nikiwa darasa la sita, katika kijiji kimoja cha Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nakala ilikuwa moja kwa wanafunzi zaidi ya arobaini, na mwalimu aliisoma kwa sauti saa ya mwisho, wakati ambao kwa kawaida tulikuwa tukisinzia. Hatukusinzia. Wazungu watatu wanavuka jangwa wakiwa na ramani iliyochorwa kwa damu. Mtumishi wao Umbopa anageuka kuwa mrithi halali wa ufalme. Ndani ya mlima mna masanduku ya almasi. Kwa watoto wa Shinyanga, almasi haikuwa ndoto ya mbali. Mwadui, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, hapakuwa mbali nasi. Wazee walijua kwamba almasi ya waridi iliyotoka humo, ya karati 54.5, alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Sisi tulisikiliza kisa cha Haggard kana kwamba ni habari za jirani.

Hapa nina neno dogo la kiisimu. Johnson hakuandika "migodi", aliandika "mashimo". Laiti angeandika "migodi", tungefikiria uzio, mlinzi na magari ya Mwadui. Kwa kuwa aliandika "mashimo", tulifikiria giza. Ukienda leo Geita utaona kwamba tofauti hiyo ingali hai. Mgodi ni wa kampuni, kama ule mkubwa uliofunguliwa pale mwaka 2000. Mchimbaji mdogo hasemi ana mgodi; ana "duara", na mawe yake huyapeleka kwenye "karasha" yakasagwe. Jambo linalonifurahisha, kama mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwinda maneno, ni kwamba Kizulu, lugha iliyomzunguka Haggard alipokuwa Natal, kina neno *umgodi* ambalo lina maana zote mbili, shimo na mgodi. Lakini sikuja hapa kwa ajili ya mashimo. Nimekuja kwa ajili ya bibi kizee aliyekuwa akiyalinda.

Anaitwa Gagool. Sisi watoto tulimwita Gagula. Ni ajuza aliyesinyaa mpaka akafanana na maiti iliyokaushwa juani, mwenye umri ambao hakuna aujuaye. Ndiye anayewaongoza wageni hadi kwenye hazina, na ndiye anayejaribu kuwafungia humo. Mwishoni anapondwa na mlango wa jiwe aliouteremsha mwenyewe. Ukimwuliza Mtanzania wa umri wangu anakumbuka nini katika kitabu hiki, atasahau jina la nahodha mwenye meno ya bandia kabla hajamsahau huyu. Na ukimwuliza Gagool alikuwa nani, atakujibu bila kufikiri kwamba alikuwa mchawi.

Naomba tusite kwenye jibu hilo, maana si sahihi.

Katika kitabu kuna sura inayoeleza kusanyiko la usiku. Maelfu ya askari wa Mfalme Twala wamepangwa kimya. Wanawake wazee wanapita kati ya safu wakinusa, na kila wanayemgusa anauawa papo hapo. Haggard anawaita wanawake hao *isanusi*, neno la Kizulu la waaguzi, na Gagool ndiye mkuu wao. Yeye si mtuhumiwa wa uchawi. Ni mwenye kutuhumu. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema ni mpiga ramli, tena wa ile aina ambayo polisi na magazeti yetu huiita "ramli chonganishi". Nyuma yake yupo mfalme ambaye, kama kitabu kinavyoonyesha wazi, hujipatia faida kubwa: anaondokewa na watu wenye mali na wenye sauti.

Kiingereza kinachanganya mambo haya kwa sababu neno lao moja la mchawi huunganishwa na maneno mengine ili kumtaja mganga, mwaguzi na hata mwenye kuwasaka wachawi. Kiswahili hakina udhuru huo. Tuna mchawi, tuna mganga, tuna mpiga ramli, na neno "ramli" lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la mchanga, kwa kuwa uaguzi huo ulifanywa kwa alama za mchangani. Kisukuma nacho kinatenganisha: *nfumu* ni mganga na mwaguzi, *nogi* ni mchawi. Mtoto wa Kisukuma asingeweza kuwachanganya hawa wawili nyumbani kwao. Iweje basi tuwachanganye tulipofika kitabuni? Jibu langu ni kwamba hatukumsoma Gagool kwa matendo yake. Tulimsoma kwa sura yake. Ni mzee, ni mwanamke, amesinyaa, anaishi kando ya watu. Tulikuwa tumeshafundishwa, na si na kitabu, kwamba mtu wa namna hiyo ni nani.

Sasa nije kwenye filamu. Kitabu hiki kimegeuzwa filamu mara kadhaa, na tatu kati yake zinatuhusu. Ya kwanza ni ya 1937, iliyotengenezwa Uingereza, ambamo Paul Robeson aliigiza Umbopa. Gagool aliigizwa na mwigizaji wa Kiingereza, Sydney Fairbrother. Ya pili, ya 1950, ilikuja kupigwa picha huku kwetu: Kenya, Uganda, Kongo, Ruanda-Urundi na Tanganyika. Stewart Granger na Deborah Kerr ndio waliokuwa nyota wake, na ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Ya tatu ni ya 1985, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone, iliyopigwa Zimbabwe. Hiyo ya mwisho nitaisema vibaya bila kuomba radhi. Ni mzaha uliokosa hata adabu ya kuchekesha.

Filamu ya 1950 ina jambo ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi. Ndani yake Gagool ni mwanamume. Aliigizwa na Sekaryongo, naye ni mshauri wa mfalme, anayewafungia wageni pangoni kwa kuporomosha mawe. Watengenezaji walimwongeza mwanamke wa Kizungu, Elizabeth Curtis, ambaye hayumo kitabuni. Foulata, msichana anayempenda Nahodha Good na kufa kwa ajili ya wageni, walimwondoa. Kwa hiyo alipoingia mwanamke mmoja mweupe walitoka wanawake wawili weusi. Hilo ni la kulaumiwa, na wahakiki wa jinsia wana haki ya kulilaumu. Hata hivyo, kwa bahati tu, filamu iliyopigwa katika ardhi yetu ilitoa picha ya mchonganishi wa kifalme asiye bibi kizee. Filamu ile haikutuachia alama. Hakuna mtu Shinyanga anayemkumbuka Gagool mwanamume. Picha iliyodumu ni ile ya kitabuni, na sasa nitaeleza jinsi ilivyoongezewa rangi.

Mwaka 2006 nilikuwa katika makazi fulani ya wachimbaji wadogo mkoani Mwanza, eneo ambalo tangu 2012 limo katika Mkoa wa Geita. Nilikuwa nakusanya msamiati wa uchimbaji. Jioni hapakuwa na pa kwenda ila kwenye kibanda cha video, chenye kuta za mabati na maturubai, mabenchi ya mbao na jenereta inayonguruma nje. Mnazijua filamu zile ambazo sauti ya asili hupunguzwa na msimuliaji akaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Dar es Salaam sanaa hiyo ilipata bingwa wake, Lufufu. Katika kibanda kile palikuwa na kijana mmoja mwenye kipaza sauti, aliyesimulia papo kwa papo, na usiku huo alikuwa akisimulia filamu ya 1985.

Alikuwa na kipaji cha ajabu. Almasi aliziita dhahabu, kwa sababu pale hakuna aliyeshughulika na almasi. Pango aliliita duara, na mlango ulipofunga alisema, "Duara limetitia!" Watu wakaguna kwa pamoja, maana mwezi huohuo walikuwa wamemfukia mwenzao. Kisha akatokea Gagool. Kijana akateremsha sauti, akasema, "Huyu sasa ndiye yule bibi. Mwangalieni macho, mekundu!" Kibanda kizima kikapiga kelele.

Nilitazama. Macho hayakuwa mekundu. Niliporudi nyumbani nilifungua kitabu cha Haggard ili nijiridhishe: kitabuni Gagool ana macho makubwa meusi, yaliyojaa moto na akili. Wekundu haukutoka kwa Haggard. Uliongezwa pale kibandani.

Filamu ilipokwisha nilimfuata kijana yule, nikamsifu, kisha nikamwuliza mbona alisema macho ni mekundu. Alinijibu kwa heshima: "Shikamoo mzee. Nisiposema mekundu, hawa hawatajua kwamba ni mchawi."

Kwa msikilizaji asiyetoka Usukuma lazima nieleze uzito wa jibu hilo. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na kwa dalili hiyo watu wameuawa kwa mapanga usiku. Takwimu alizozichambua mwanaanthropolojia wetu Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa Usukuma. Mauaji hayakukoma mwaka 1984.

Na wekundu wenyewe unatoka wapi? Unatoka jikoni. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa misitu wakati wa utawala wa Waingereza ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamaliza kilichobaki. Hali ilifikia pabaya hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Pasipo kuni, mwanamke hupikia mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepika katika kibanda kisicho na dirisha kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu, kama vile mchimbaji wa miaka ishirini atakavyokuwa na kikohozi. Hakuna anayesema kikohozi cha mchimbaji ni uchawi.

Mwenye kuyatafsiri macho hayo kuwa hatia, mara nyingi, ni mwaguzi. Mtu amefiwa na mtoto, au ng'ombe wake wamekufa, au duara lake halitoi kitu. Anakwenda kwa mpiga ramli, kuku anachinjwa na matumbo yake yanasomwa. Jina la mtu huenda lisitajwe kabisa. Huambiwa tu kwamba adui ni mwanamke, ni mzee, anakaa upande fulani wa kijiji, na macho yake si mazuri. Aliyebaki wa kutafuta jina ni mwenye shida mwenyewe, na pengine mwanamke huyo ana shamba ambalo mtu fulani analihitaji. Serikali imelijua hili. Januari 2009, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa kwa imani ya bahati ya dhahabu na samaki, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kusimamishwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 likatangazwa katazo jingine dhidi ya wapiga ramli. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Gagool wa kitabuni, yule anayenusa na kugusa, yupo kweli miongoni mwetu, ila mara nyingi si bibi kizee mwenye macho mekundu. Huyo ndiye anayeguswa.

Sasa nina ungamo. Niliporudi chuoni mwaka ule niliandika makala kuhusu kijana wa kibandani. Niliita kazi yake ujanibishaji wa kisanii. Nilitoa mifano ya duara na dhahabu, na mfano wa tatu ulikuwa wa macho mekundu. Niliusifu. Niliandika kwamba msimuliaji ameifasiri ishara ya kigeni kwa ishara inayoeleweka na hadhira yake, jambo ambalo kila nadharia ya tafsiri inalitaka. Makala ilipokewa vizuri na hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza ishara hiyo ina maana gani nje ya kibanda. Mimi, niliyezaliwa Shinyanga, sikuuliza.

Tena nilikuwa na sababu ya kuuliza kuliko wote. Katika kijiji chetu alikuwapo bibi mmoja mjane aliyeishi karibu na njia ya shule. Mwaka 1974, vijiji vilipopangwa upya, nyumba yake ilijikuta katikati ya watu wasiomjua. Sisi, tuliokwisha kusomewa kitabu, tulimpa jina. Tulipita mbele ya ua wake tukiimba "Gagula", kisha tukakimbia. Alikuwa akicheka, au ndivyo tulivyoona. Kabla ya hapo watu walimwita *ngikulu*, neno la Kisukuma la mwanamke mzee anayestahili kusikilizwa. Baada ya miaka michache hata watu wazima walitumia jina letu. Mwaka 1983, nikiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipata barua ya kaka yangu. Katikati ya habari za mvua na bei ya pamba alinijulisha kwamba Gagula ameuawa kwa panga. Aliandika hivyo, Gagula. Nilipojaribu kukumbuka jina lake halisi ili nimjibu kaka, sikulipata, na kaka naye hakuwa nalo.

Sidai kwamba kitabu kilimuua. Waliomuua walikuwa na sababu zao, na sidhani hata mmoja wao alikuwa amemsoma Haggard. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, nacho ni cha kiisimu. Jina tulilompa lilimtoa katika kundi la *ngikulu* likamweka katika kundi jingine, na jambo hilo lilifanywa na watoto wenye kupenda kusoma. Angalieni pia magazeti yetu. Mwanamume akizeeka ni mzee. Mwanamke akiuawa ni "kikongwe", na kichwa cha habari husema "mauaji ya vikongwe", kama kwamba wamekuwa aina ya viumbe. Kiarabu kilitupatia "shaibu" kwa mwanamume na "ajuza" kwa mwanamke. Mwite mtu shaibu, atatabasamu. Mwite mwanamke ajuza, kisha uone.

Miezi michache iliyopita wanafunzi wa sanaa za maonyesho walinijia. Wanataka kutengeneza filamu fupi ya Kiswahili kutokana na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, wakiuhamishia ufalme ule kwenye machimbo ya Geita. Nimelisoma andiko lao na nimelipenda, hasa walivyompa Umbopa lugha ya wachimbaji. Waliniuliza wafanye nini na Gagool. Mmoja alipendekeza aondolewe kabisa. Nilipinga, kwa sababu ukimwondoa anayenusa unamwacha mfalme bila mkono, na hadhira haitajua nani anafaidika. Niliwashauri wamwonyeshe akilipwa. Niliwashauri wawe na wazee wengine wanawake ndani ya hadithi, wanaoitwa kwa majina yao. Na niliwaomba wasiguse macho. Tulibishana pia kama awe mwanamume, kama ilivyokuwa mwaka 1950. Kura zao ziliamua abaki mwanamke, nami nikakubali, ingawa sina uhakika kwamba waliamua vizuri.

Wakaniomba niwatafutie mwigizaji. Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye ana miaka zaidi ya themanini na ndiye msimulizi bora wa hadithi niliyepata kumsikia. Nilimwamkia, tukala, kisha nikamweleza habari yote, pamoja na ushauri niliowapa vijana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Filamu hiyo itaonyeshwa wapi, mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia Mwanza, Geita, Kahama, na tukijaliwa hata hapa kijijini.

"Na mimi nitakuwa huyo bibi anayenusa watu?"

"Ndiyo, shangazi. Lakini watu watajua kwamba ni maigizo."

"Wewe utajua," akasema. "Wewe utarudi chuoni. Mimi nitabaki hapa."

Nafasi hiyo mpaka leo haijapata mtu. Wanafunzi wenyewe wamo ukumbini na watapenda kusikia maoni yenu, kwa hiyo naomba niishie hapa ili tupate muda wa maswali.